Kiwiko cha mtoto hakinyooshwi kwa nguvu

Msimu wa maembe ukiingia Unguja, watoto hawakai chini. Huko Mwera, Dole na Kizimbani, mtoto akirudi skuli hutupa mkoba, huvua viatu na kupanda mwembe. Wengi hushuka salama na boribo mkononi. Wachache hushuka kwa kuanguka, na mtoto anayeanguka hunyoosha mkono ili ajikinge. Uzito wote wa mwili huishia kwenye kiwiko, ambacho wengine hukiita kisugudi.

Mjini miembe ni michache, lakini sababu za kuanguka hazikosekani. Nyumba za Mji Mkongwe zina ngazi zilizosimama wima, vichochoroni kuna baiskeli na vespa, pale Forodhani vijana wanajirusha baharini, na jioni kuna mpira. Mtoto wa mjini na mtoto wa shamba hukutana kwenye benchi moja katika hospitali ya Mnazi Mmoja, kila mmoja ameubeba mkono wake mbovu kwa mkono wake mzima.

Kwa watoto, hasa wa umri wa miaka 5 hadi 7, mfupa unaovunjika sana karibu na kiwiko ni ule wa sehemu ya juu ya mkono, kidogo tu kabla ya kiungo chenyewe. Daktari huurudisha mahali pake, hufunga plasta ngumu, na pengine huushikiza kwa pini nyembamba za chuma ili usiteleze. Mifupa ya watoto hushika upesi. Kwa kawaida baada ya wiki 3 hadi 4 plasta hutolewa.

Siku hiyo wazazi huwa wameihesabu kama wanavyohesabu siku za sikukuu. Mama amemwahidi mtoto kuwa plasta ikitoka atarudi kucheza. Baba amewaambia wenzake kazini kuwa mambo yamekwisha. Kisha plasta inakatwa, na kinachotoka ndani si mkono waliouzoea. Ni mkono mwembamba, ngozi imekauka na kubanduka, kiwiko kimekunjika na kukataa. Haunyooki. Hauendi mdomoni. Mtoto akiambiwa aukunjue, analia na kuuficha kifuani.

Hapo ndipo wazazi wengi huingiwa na khofu, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba plasta ni nusu ya kwanza tu ya matibabu. Nusu ya pili ni kuurudisha mkono kazini, na nusu hiyo ni ndefu kuliko ya kwanza.

Jioni yake nyumba inajaa. Jirani anasema mkono huo ukiachwa hivyo utabaki hivyo. Shangazi anamjua mkandaji hodari aliyemnyoosha mtoto wa fulani kwa siku tatu. Mwengine anashauri mtoto abebeshwe ndoo ya mchanga kila asubuhi ili uzito uuvute mkono. Wote wanasema kwa mapenzi. Lakini ni katika wiki hizi, na kwa ushauri huu, ambapo kiwiko kilichokuwa njiani kupona kinaweza kuharibika.

KWA NINI MKONO UNAKUWA MGUMU

Kiwiko ni kiungo chenye wivu. Ndani yake mifupa mitatu hukutana mahali padogo, imezungukwa na mfuko mwembamba, na mbele yake kuna msuli uliolala karibu kabisa na mfupa. Mfupa unapovunjika, damu humwagika ndani ya eneo hilo. Damu ikikauka huacha makovu. Mkono ukikaa wiki kadhaa bila kutembea, ule mfuko husinyaa na misuli hupungua kwa kukosa kazi.

Kwa hiyo mkono mgumu baada ya plasta si dalili kwamba daktari alikosea, wala si dalili kwamba mkono umekufa. Ni jambo la kawaida. Mwili ulikilinda kiungo kilichoumia, na sasa unahitaji kuhakikishiwa, kidogo kidogo, kwamba hatari imekwisha.

Kuna kitu cha pili, nacho ni khofu ya mtoto mwenyewe. Mtoto anakumbuka alivyoumia. Akiona mkono wa mtu mzima unasogea kuelekea kiwiko chake, hukaza misuli yote kabla hata hajaguswa. Mzazi anadhani anapambana na mkono mgumu, kumbe anapambana na mtoto aliyeogopa. Anavyozidi kuvuta ndivyo mtoto anavyozidi kukaza.

MWAKA MMOJA, SI WIKI MOJA

Swali la kila mzazi ni moja: mkono utarudi lini? Jibu lipo, na ni vizuri kulijua mapema ili mtu asikate tamaa njiani.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 uliwafuatilia zaidi ya watoto 300 waliovunjika mfupa huu. Watafiti waliulinganisha mkono ulioumia na mkono mzima wa mtoto yule yule. Wiki 6 baada ya kuumia, kiwiko kilikuwa kimerudisha kwa wastani asilimia 72 ya mwendo wake wa kukunja na kukunjua. Wiki 12, asilimia 86. Wiki 26, asilimia 94. Wiki 52, asilimia 98.

Hesabu hizo zinafaa kubandikwa mlangoni. Zinasema mambo mawili. La kwanza ni kwamba mikono mingi hurudi, na hurudi karibu yote. La pili ni kwamba hairudi kwa mwendo mmoja. Sehemu kubwa huja haraka katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha mwendo unapungua. Kutoka nusu mwaka hadi mwaka mzima, mkono huongeza asilimia 4 tu. Mzazi anayetazama kila siku katika kipindi hicho ataona kama hakuna kinachotokea, ilhali kinatokea.

Watoto waliofanyiwa upasuaji na wale wa umri mkubwa kidogo huchelewa zaidi ya wengine. Na mara nyingi hatua ya mwisho kurudi ni ile ya kuunyoosha mkono kabisa, ile ambayo watu wote nyumbani wanaitazama. Mtoto anaweza kuwa anakula, anaandika na kuvaa shati mwenyewe, lakini kwa kuwa mkono haujalala sawa kama rula, bado anaitwa mgonjwa.

Aliyeanguka msimu huu wa maembe, basi, apimwe msimu ujao. Hapo katikati ni safari.

HATARI YA KUVUTA

Ule msuli uliolala mbele ya kiwiko huumia pamoja na mfupa. Mkono ukivutwa kwa nguvu, nyuzi za msuli huo hukatika na kuvuja damu upya. Na kiwiko kina tabia mbaya inayojulikana sana na madaktari wa mifupa: damu hiyo inaweza kugeuka mfupa. Mfupa huota ndani ya msuli, mahali ambapo haukupaswa kuwepo, na kuuzuia mkono kama komeo linavyozuia mlango. Mkono uliokuwa ukisogea unakuwa haufiki hata pale ulipokuwa umefika.

Ndiyo maana mambo matatu hayafai kwa kiwiko kinachopona. La kwanza ni mtu mwengine kuuvuta au kuukunja mkono wa mtoto kwa nguvu, awe mkandaji, baba au mtu yeyote. La pili ni kuuchua kiwiko kwa kukandamiza. La tatu ni kumbebesha mtoto ndoo, tofali au mfuko wa mchanga ili uzito uunyooshe mkono.

Hii haina maana kwamba mkono usiguswe kabisa. Mafuta ya nazi yakipakwa taratibu kwenye ngozi iliyokauka hayana ubaya. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kikiwekwa dakika chache kabla ya mazoezi humpa mtoto raha na kulegeza misuli. Kinachokatazwa ni nguvu.

Kanuni iliyo rahisi kuikumbuka ni hii: kiwiko kinachezeshwa na mwenye nacho. Mtoto akunje mwenyewe na akunjue mwenyewe, kwa misuli yake. Mkono wake mzima unaweza kuusindikiza ule mbovu, kwa upole, mpaka pale anapohisi unakaza. Hapo asimame, ahesabu hadi tano, arudi. Mtu mzima akae mbele yake, asikae juu yake.

KAZI YA MTAALAMU NA KAZI YA NYUMBANI

Wazazi wengi huiona fiziotherapia kama sindano: mtoto anapelekwa, anafanyiwa, anarudi amepona. Mama anatoka Makunduchi au Nungwi kwa daladala asubuhi, anapoteza siku ya kazi, anakaa foleni, halafu mtaalamu anamshughulikia mtoto dakika ishirini na kumwambia arudi wiki ijayo. Mama anaona kama amedhulumiwa. Baada ya safari mbili au tatu, haendi tena.

Ukweli ni kwamba dakika zile ishirini si tiba yenyewe. Ni somo. Mtaalamu anaupima mkono, anaangalia vidole na mishipa ya fahamu, anamwonyesha mtoto la kufanya na anamkataza mzazi lisilofaa. Tiba yenyewe iko nyumbani, katika siku sita zinazobaki.

Kuna utafiti mwengine wa Marekani, wa mwaka 2014, unaoweza kumpunguzia mzazi mzigo moyoni. Watoto 61 waliovunjika mfupa huu, ambao hawakuhitaji upasuaji wa kufungua kiwiko, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia kwa vikao vya mazoezi, jengine halikupelekwa. Waliopelekwa hawakuwapita wenzao katika kuutumia mkono. Watoto walipona kwa kuishi kama watoto.

Hii si ruhusa ya kuacha kwenda hospitali. Mtoto mwenye mishipa ya fahamu iliyoumia, aliyefunguliwa kiwiko kwa upasuaji au aliyekaa na plasta muda mrefu sana, hali yake ni nyingine na anamhitaji mtaalamu kwa karibu. Mtu mzima aliyevunjika kiwiko naye ni habari nyingine, kwani viungo vya watu wazima hukaza zaidi na haviachii kwa mchezo peke yake. Lakini kwa mtoto aliyevunjika kwa namna ya kawaida, mzazi aliyekosa nauli wiki moja asijione amemwangamiza mwanawe. Kama nyumbani mkono unatumika kila siku, kazi inaendelea.

Mzazi anayetoka mbali anaweza kuifanya safari moja iwe na faida ya safari tatu. Amwombe mtaalamu aonyeshe mazoezi yote ya wiki zinazofuata, amwombe ruhusa ya kurekodi kwa simu, na kabla ya kuondoka mtoto ayafanye yote mbele ya mtaalamu. Aulize maswali manne: mkono ufike wapi, usifike wapi, mara ngapi kwa siku, na dalili gani zinatosha kurudi kabla ya tarehe.

MAZOEZI NDANI YA SIKU

Mtoto akiambiwa "njoo ufanye mazoezi", atakimbia. Akiambiwa njoo ucheze, njoo ule, njoo unisaidie, atakuja. Siku ya kawaida ya nyumba ya Unguja ina mazoezi ya kutosha kwa kiwiko, mradi daktari ameshasema mfupa umeshika na mkono umeruhusiwa kutumika.

Kula ni zoezi la kukunja. Mtoto aliyeumia mkono wa kulia na kuzoea kulishwa, au kula kwa kijiko kwa mkono wa kushoto, arudishiwe mkono wake mapema. Mwanzoni ataupeleka mdomo kwenye tonge badala ya tonge kwenye mdomo. Si neno. Wiki baada ya wiki kichwa kitainuka.

Kutia udhu na kusali ni mazoezi mengine. Kuosha mkono hadi kwenye kiwiko, kupaka maji kichwani na kuinua mikono hadi masikioni ni mwendo wa kukunja na kukunjua unaojirudia siku nzima bila ya mtu kuuhesabu. Kusujudu kwa kuubebesha mkono uzito ni jambo la baadaye, na mtoto anaweza kulifanya kwa namna anayoiweza mpaka daktari aruhusu.

Kufungua bomba, kuzungusha ufunguo mlangoni na kugeuza kurasa chuoni humsaidia kuuzungusha mkono, kiganja juu, kiganja chini. Huu nao hukaza baada ya plasta na wengi huusahau.

Michezo ya mezani ni tiba ya bei rahisi. Keram inamtaka mtoto anyooshe mkono kufuata kete mpaka upande wa pili. Bao linamtaka achukue na agawe, shimo baada ya shimo, kwenda na kurudi. Katika barazani za mji wazee wameucheza mchezo huo miaka na miaka, na mjukuu akikalishwa pembeni ya babu yake kwa nusu saa, kiwiko kitakuwa kimesogea mara nyingi kuliko katika zoezi lolote la kulazimishwa.

Jikoni, achague mchele kwenye sinia kubwa: mkono uende mbele, urudi. Mwezi wa pili au wa tatu, akiwa na nguvu kidogo, asukume chapati. Fimbo ya kusukumia inaunyoosha mkono wake mwenyewe, kwa nguvu yake mwenyewe, na mwisho kuna chapati.

Kama jeraha limefunga na pini zimetolewa, bahari ya maji ya kiunoni ni rafiki. Maji yanaubeba mkono. Mtoto anayekataa kuukunjua nchi kavu utamkuta anapiga maji kwa mikono miwili bila habari. Mtu mzima awe naye majini muda wote.

Zoezi la makusudi lisizidi dakika tano, mara tatu au nne kwa siku. Dakika tano mara nne zina faida kuliko nusu saa moja ya machozi. Na kipimo cha kujua kama zoezi limezidi ni kesho yake. Kuhisi mkono umebanwa kidogo wakati wa zoezi, kisha hali ikapoa, ni kawaida. Mkono ukivimba, ukiwa wa moto, au mtoto akikosa usingizi kwa maumivu, zoezi lilizidi. Lipunguzwe, lisiachwe.

Kupanda miti, kuruka na mpira wa kugongana visubiri ruhusa ya daktari. Mkono unaoweza kusogea bado si mkono unaoweza kuanguka tena.

KUPIMA BILA KUJITESA

Kinachowachosha wazazi zaidi ni kutazama kila saa. Mtoto anaamka, anaambiwa "hebu nyoosha". Anatoka skuli, "hebu nyoosha". Mgeni anaingia, "hebu mwonyeshe shangazi unavyonyoosha". Mtoto anageuka maonyesho, na kila mara anasoma katika nyuso za wakubwa kwamba ameshindwa.

Njia nyepesi ni kupima mara moja kwa wiki. Kila Ijumaa, mahali pale pale, dirisha lile lile, mtoto asimame upande na mama apige picha mbili kwa simu: moja mkono umekunjwa mpaka mwisho wake, ya pili umenyooshwa mpaka mwisho wake. Picha zisiangaliwe siku hiyo. Ziangaliwe baada ya wiki nne, ya kwanza kando ya ya mwisho. Wiki haisemi kitu, lakini mwezi unasema.

Kipimo kingine ni cha mwili wenyewe. Wiki gani kidole kiligusa kidevu? Wiki gani kiligusa mdomo? Lini kilifika sikioni, lini kikafika begani? Mtoto akipewa penseli aweke alama yake ukutani kwa kila hatua, hesabu inakuwa yake, si ya wakubwa. Na picha hizo zinafaa kwenda nazo kliniki, kwa sababu mtaalamu anayemwona mtoto mara moja kwa mwezi ataona njia yote iliyopitwa.

Asilinganishwe na mtoto wa jirani. Mtoto wa jirani huenda alivunjika mahali pengine, alikuwa na miaka minne, au hakuwekwa pini. Kilinganisho pekee chenye haki ni mkono wake mwengine.

BIBI AKISEMA AKANDWE

Katika nyumba zetu mtoto halelewi na watu wawili. Bibi ana neno, na neno lake lina uzito. Mama kijana anayerudi kutoka kliniki na karatasi mkononi anaweza kushindwa siku ile ile na sauti moja ya ukumbini.

Kubishana hakusaidii. Bibi hajasema kwa ubaya, na katika maisha yake ameona watu wakikandwa mgongo na miguu wakapata nafuu. Asichokijua ni kwamba kiwiko cha mtoto kina tabia yake. Njia iliyo bora ni kumpa habari hiyo kwa adabu, kisha kumpa kazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mkono wa mjukuu wangu vipi? Mbona hamumpeleki akakandwa?"

"Bibi, daktari katuambia kiwiko cha mtoto kikivutwa kinaota mfupa ndani. Kinataka achezeshe mwenyewe, polepole. Na wewe ndiye anayekusikiliza. Tunakuomba kila jioni ukae naye akuchagulie mchele, na mkono ule ule ndio utumike."

Bibi aliyepewa kazi huwa mlinzi. Shangazi akija na habari za mkandaji, atajibiwa na mkubwa mwenziwe, na mama hatahitaji kufungua mdomo.

Baba naye ana sehemu yake. Baba wengi hutaka kumfanya mtoto shujaa: "Wewe mwanamme, vumilia, nyoosha!" Uvumilivu huo unamfundisha mtoto kuficha maumivu, na maumivu ndiyo yanayomwambia asimame wapi. Ushujaa wa mtoto huyu ni kurudia jambo dogo leo, kesho na kesho kutwa. Baba akimsifu kwa hilo, amemsaidia.

Mwalimu wa skuli na wa chuoni waarifiwe pia. Mtoto anayeandika polepole asichapwe kwa uvivu, na wenzake wasimvute mkono katika mchezo.

PALE AMBAPO SUBIRA SI DAWA

Kusubiri kunafaa kwa mkono unaoendelea mbele, hata kama ni kwa hatua za chungu. Kuna hali ambazo mzazi hapaswi kusubiri hata kidogo.

Wakati plasta bado ipo, maumivu makali yasiyotulia kwa dawa, vidole vilivyovimba sana, vyenye ganzi, vya baridi au vilivyobadilika rangi, au mtoto kulia anaponyooshwa vidole, yote hayo ni ya kurudi hospitali saa ile ile, hata iwe usiku wa manane. Misuli inayobanwa hukosa damu na hufa katika muda wa saa chache. Tangu mwaka 1881 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Richard von Volkmann, alieleza mikono iliyopinda na kulemaa baada ya kufungwa kwa kubanwa. Banzi zilizokazwa kwa kamba na mtu asiyejua hufanya madhara hayo hayo leo.

Baada ya plasta, arudi hospitali mtoto ambaye hawezi kuinua kiganja, hawezi kukutanisha ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada kufanya duara, au hawezi kupishanisha vidole. Hizo ni dalili za mishipa ya fahamu. Mingi hurudi yenyewe baada ya miezi kadhaa, lakini daktari lazima ajue na afuatilie.

Arudi pia mwenye usaha mahali pa pini au homa, mwenye uvimbe mgumu unaokua mbele ya kiwiko, na yule ambaye picha zake za Ijumaa zinaonyesha mkono unarudi nyuma. Mkono uliopinda umbo, tofauti na mwenzake, nao uonyeshwe kwa daktari wa mifupa, kwa sababu hilo ni suala la mfupa na mazoezi hayatalirekebisha. Wengine hupewa rufaa kuvuka bahari hadi Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili, Dar es Salaam. Kwenda mapema ni bora kuliko kwenda baada ya mwaka wa kukandwa.

Kwa waliobaki, na ndio wengi, dawa ni ile ile isiyo na maajabu: tonge, udhu, mchele, keram, picha ya Ijumaa, na watu wazima wanaoizuia mikono yao wenyewe. Hicho cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote. Kumwona mtoto wako na mkono uliokunjika na usiuvute ni kazi, na haionekani kwa wageni.

Waswahili husema mstahamilivu hula mbivu. Maembe ya mwaka ujao yataiva kwa wakati wake, na kwa watoto wengi walioanguka mwaka huu mkono utakuwa umefika begani na kunyooka mpaka chini. Wakati huo apewe mti mrefu wa kuangulia, na asimame chini ya mwembe.